Mayai Yanapevuka, Mimba Haishiki, na Mume Wangu Anataka Twende Kwenye Sindano

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 32, nimeolewa mwaka wa tano huu na hatujapata mtoto. Mume wangu ana binti wa miaka tisa aliyempata kabla hatujaoana. Mtoto huyo huja kukaa nasi wakati wa likizo, na tunapendana sana. Nakutajia habari zake mapema kwa sababu ndizo zinazofanya kila mtu, mimi mwenyewe nikiwemo, aamini kwamba tatizo ni langu peke yangu.

Na kweli tatizo ninalo. Hedhi yangu imekuwa ya kusuasua tangu usichana. Hupotea miezi miwili au mitatu, kisha ikija inakuja nzito. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake alinipima homoni, akanipiga ultrasaundi, akaniambia nina PCOS, yaani ovari zangu zina vifuko vingi vidogo vyenye mayai yanayoanza kukua halafu yanaishia njiani. Mirija nayo ilipigwa picha, ikaonekana iko wazi. Akanianzishia vidonge vya klomifeni, siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Mara ya kwanza havikufanya kitu, akaongeza dozi, na tangu hapo vipimo vya damu vinaonyesha kwamba yai linapevuka. Hedhi sasa inakuja kwa tarehe zake. Lakini mimba hakuna.

Shangazi, asiyevitumia vidonge hivi hawezi kuelewa. Joto linanipanda ghafla katikati ya mazungumzo na watu. Nalia kwa mambo ambayo zamani ningeyacheka. Siku hizi, tangu dozi iongezwe tena, macho nayo yananichezea, naona kama vimulimuli pembeni, halafu vinapotea. Kinachoniumiza zaidi lakini ni kalenda. Tendo la ndoa limekuwa zamu. Tukimaliza tunageuziana migongo kama watu waliotimiza wajibu, na baada ya hapo ni kungoja, kila kichefuchefu nakihesabia, mpaka damu inapokuja.

Sasa tumefika njia panda. Daktari amesema tuachane na klomifeni nijaribu letrozoli. Mume wangu akasoma kuhusu dawa hiyo, akakuta ni ya saratani ya matiti. Akasema hawezi kukubali mke wake asiye na saratani ameze dawa ya saratani. Wifi yangu kwa upande wake anasema vidonge vyote ni kupoteza muda, kuna sindano za kuchochea mayai, rafiki yake alichoma akapata mapacha: "Unazaa mara moja, unamaliza kazi." Wazo hilo limemwingia mume wangu. Anataka tuhamie kliniki nyingine, tukaombe sindano moja kwa moja. Mama mkwe hasemi neno, ila macho yake yakinishuka tumboni najua anachokitafuta.

Daktari pia amemwomba mume wangu akapime mbegu, na si mara moja. Jibu lake ni lile lile: "Mimi nina mtoto." Analisema kwa upole, kisha anabadilisha mazungumzo. Sijawahi kumsukuma. Ananipenda, hajawahi kunisimanga, na nahisi nikimlazimisha nitaonekana natafuta mtu wa kugawana naye lawama.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Nimechoka. Natamani nipumzike miezi kadhaa bila vidonge, bila kutolewa damu, bila kuhesabu siku. Nikiwaza hivyo naogopa, maana umri hausimami, na najiambia kwamba mwanamke anayetaka mtoto kwa dhati hachoki.

Je, nimfuate daktari na letrozoli yake, nimfuate mume wangu na sindano, au nipumzike? Na je, nina haki ya kumtaka apimwe wakati ugonjwa umeshaonekana kwangu?

Anayengoja

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, kuna jambo umelitaja kwa kupitia tu, nami nataka tusimame hapo, kwa sababu halisubiri. Vimulimuli unavyoviona vinajulikana. Klomifeni huwafanya baadhi ya wanawake waone ukungu au vimulimuli, na ikitokea hivyo utaratibu ni kuviacha vidonge na kumwona daktari kabla ya kumeza dozi nyingine. Kwa wengi hali hiyo hutulia dawa ikishaachwa, lakini lazima daktari wako ajue na macho yaangaliwe. Mpigie leo, umwambie kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi. Na macho yanapokuchezea usishike usukani wa gari. Haya mengine tunaweza kuyazungumza taratibu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Ninavyokuelewa, umewekewa njia tatu mbele yako, na kila njia ina mtu wake. Letrozoli ni ya daktari, sindano ni za mume wako na wifi yako, na kupumzika ni kwako wewe, ila hiyo ya kwako umeificha kama kitu cha aibu. Kando ya zote tatu kuna kipimo kimoja ambacho hakijafanywa. Wewe umekiweka mwishoni mwa barua, kwenye swali la haki. Mimi nakiona kinagusa kila kitu ulichoniuliza, kwa hiyo nitakirudia.

Tuanze na klomifeni na kazi yake. Dawa hii imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960, na inafanya kazi kwa kuuzuia ubongo usiione estrojeni, yaani homoni ya kike, iliyopo mwilini. Ubongo ukidhani estrojeni imepungua, unatoa homoni ya FSH kwa wingi zaidi, na FSH ndiyo inayokisukuma kifuko cha yai kikue mpaka yai litoke. Kwako wewe kazi hiyo imefanyika. Vipimo vimesema yai linapevuka. Unapoandika kwamba "mimba hakuna" nakuona unahesabu kwamba dawa imeshindwa, au wewe umeshindwa, lakini vipimo vyenyewe havisemi hivyo. Hata kwa mke na mume wasio na tatizo lolote, wakiwa bado vijana, nafasi ya kushika mimba katika mwezi mmoja ni kama robo au chini ya hapo. Miezi kadhaa ya yai kupevuka bila mimba inaumiza, naijua, lakini peke yake si dalili kwamba mlango umefungwa.

Hata hivyo daktari ana sababu ya kutaka kubadilisha. Klomifeni, kwa vile inaizuia estrojeni mahali pengi, wakati mwingine huufanya ukuta wa mji wa mimba uwe mwembamba na ute wa mlango wa kizazi ukauke, mambo ambayo hayamsaidii mtu anayetaka mimba. Pia inakaa mwilini kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana madaktari wengi hawapendi kuiendeleza kupita mizunguko sita hivi ambayo yai limepevuka bila mimba. Na sasa macho yako yameongeza sababu nyingine.

Tuje kwenye hofu ya mume wako. Naiheshimu, kwa sababu mtu anayesoma karatasi ya dawa ili amlinde mke wake si mtu wa kupuuzwa. Na alichokisoma ni kweli. Letrozoli ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti. Saratani nyingi za matiti hulishwa na estrojeni, na dawa hii huupunguzia mwili uwezo wa kuitengeneza. Mgonjwa wa saratani huimeza kila siku kwa miaka. Mwanamke anayetafuta mimba huimeza kwa siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko. Estrojeni inashuka kidogo kwa siku hizo chache, ubongo unashtuka, unatoa FSH, kifuko kinakua. Nusu ya dawa huwa imetoka mwilini baada ya kama siku mbili, kwa hiyo yai linapofika wakati wa kutoka, sehemu kubwa ya dawa imeshaondoka. Hiyo ndiyo tofauti yake na klomifeni, na ndiyo sababu ukuta wa mji wa mimba hauumii vile.

Kama kigezo cha mume wako ni dawa ilikoanzia, basi mwambie kwa upole kwamba sindano anazozitaka zilianza kwa kuchujwa kutoka kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Nyingine hadi leo hutengenezwa hivyo. Metformini, ambayo baadhi ya wenye PCOS hupewa, ni dawa ya kisukari. Asili ya dawa haitoshi kumwambia mtu itamfanyia nini.

Kinachosaidia zaidi ni kuangalia waliozitumia. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa wanawake 750 wenye PCOS kama wewe. Nusu walipewa klomifeni, nusu letrozoli, kwa hadi mizunguko mitano. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 19.1 kwa klomifeni na asilimia 27.5 kwa letrozoli. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa 2023 unaitaja letrozoli kuwa dawa ya kuanza nayo kwa mwanamke ambaye tatizo lake ni yai kutopevuka na hakuna kingine kilichoonekana. Hayo maneno ya mwisho yashike, nitayarudia.

Sitaki lakini kukupakia upande mmoja tu. Asilimia 27.5 maana yake ni kwamba wengi wao hawakujifungua ndani ya mizunguko hiyo. Katika nchi nyingi karatasi ya dawa haitaji kabisa matumizi haya, na ndiyo maana mume wako hakuyaona. Mwaka 2005 ilizuka hofu kwamba inaweza kuwadhuru watoto tumboni. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuonyesha kwamba watoto wa letrozoli walipata kasoro zaidi kuliko wale wa klomifeni, lakini sharti la kuhakikisha huna mimba kabla ya kumeza kidonge cha kwanza bado lipo na ni la lazima. Na letrozoli nayo huleta uchovu, kizunguzungu na hilo joto unalolijua. Kwa hofu ya mume wako, pengine kinachofaa zaidi kuliko wewe kumwelezea ni nyinyi wawili kukaa mbele ya daktari, yeye aulize mwenyewe na ajibiwe yeye. Mtu aliyejisomea peke yake usiku hawezi kutulizwa na mke anayemwambia tu "daktari amesema".

Sasa sindano. Wifi yako hasemi uongo. Sindano za FSH zinafanya kazi, na kuna wakati ndizo zinazofuata. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2018 uliwachukua wanawake 666 ambao mayai yao yalipevuka kwa klomifeni mizunguko sita bila mimba, hali inayofanana na yako. Waliohamishiwa kwenye sindano, asilimia 52 walipata mimba zilizofikia mtoto hai, na waliobaki na klomifeni ile ile, asilimia 41. Kwa hiyo sindano zilishinda. Lakini mwanangu, itazame na hiyo 41. Hao ni wanawake ambao hawakubadilishiwa dawa, walioendelea na vidonge vile vile, na wengi hivyo wakapata. Mimi namba hiyo ilinigusa kuliko ile ya kwanza.

Halafu angalia sindano zenyewe zinavyotumika. Tofauti na kidonge, hazipiti kwenye ubongo. Zinakwenda moja kwa moja kwenye ovari, na ovari ya mwenye PCOS ina vifuko vingi vilivyo tayari kuitikia kwa pamoja. Kwa hiyo daktari makini huanza na dozi ndogo, hukupiga ultrasaundi mara kwa mara, na vikikua vifuko vingi anausitisha mzunguko, anawaambia mwezi huu msikutane. Fedha imekwenda, sindano zimechomwa, na mwezi unaachwa. Kliniki inayokubali kumpa mwenye PCOS sindano "moja kwa moja", bila ufuatiliaji huo, ndiyo ya kuogopwa. Ovari zikichochewa kupita kiasi zinavimba, tumbo linajaa maji, pumzi inakuwa fupi, mkojo unapungua, damu inaweza kuganda mahali isipotakiwa. Si jambo la kila siku, lakini likitokea kwa ukali ni la kulazwa hospitali.

Kuhusu mapacha, naomba niwe wazi zaidi kuliko wifi yako. Mapacha ni baraka wakishazaliwa salama. Kabla ya hapo ni mimba yenye hatari zaidi kwa mama na kwa watoto. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37, shinikizo la damu la ujauzito linawapata zaidi mama zao, na watoto wengi huanza maisha wakiwa na uzito mdogo. Wakiwa watatu, hatari hizo zinaongezeka mno. Madaktari wanaosimamia matibabu haya hulenga mtoto mmoja kwa mimba moja, na mapacha wanapotokea ni kwa sababu mwili umeitikia zaidi ya ilivyokusudiwa. Sisemi hivi ili nikutishe. Nasema kwa sababu katika barua yako sijaona mahali ulipoulizwa wewe kama unataka kubeba wawili.

Sasa nirudi kwenye kile kipimo. Umeniuliza kama una haki. Mimi ningeliuliza swali hilo kwa namna nyingine: uamuzi gani kati ya hii mitatu unaweza kufanywa vizuri bila majibu yake? Ile kauli ya mwongozo, "na hakuna kingine kilichoonekana", inamhusu na yeye. Letrozoli inapevusha yai. Sindano zinapevusha yai. Yai lako tayari linapevuka. Kama mbegu ni chache au hazisogei vizuri, utabadilishiwa dawa mpaka uchoke zaidi ya ulivyochoka sasa, na jibu litakuwa kwingine. Na kama mbegu ziko sawa, mtakuwa mmejua, na mtaendelea na njia mtakayoichagua kwa moyo mwepesi. Kwa ndoa nyingi zinazochelewa kupata mtoto, sababu ya upande wa mwanaume inakuwemo, mara peke yake, mara ikiwa pamoja na ya mwanamke. Wewe kuwa na PCOS hakumpi yeye cheti.

Kuna dhana moja nakuomba tuigeuze. Mmeishi mkiamini kwamba binti yake ni ushahidi. Ni ushahidi wa miaka tisa na zaidi iliyopita. Mbegu za mwanaume hutengenezwa upya muda wote, kila kundi likichukua kama miezi miwili na nusu kukomaa, na mengi huziathiri: homa kali, sigara, uzito, mishipa iliyovimba kwenye korodani, dawa fulani, na hasa testosteroni ambazo baadhi ya wanaume huzichoma au kuzimeza ili kujenga misuli. Kwa hiyo majibu mabaya ya leo hayasemi chochote kuhusu jana, wala hayamgusi mtoto. Nalisisitiza hili kwa makusudi. Huenda ile hofu inayomfanya abadilishe mazungumzo kwa upole ni kubwa kuliko kiburi tunachodhani. Simjui mume wako, kwa hiyo sisemi kwamba ndivyo ilivyo. Nasema tu kwamba mwanaume anayekataa kwa ukali na anayekataa kwa upole huenda wanaogopa vitu viwili tofauti, na wewe ndiye uliyeona uso wake.

Unaogopa kuonekana unatafuta wa kugawana naye lawama. Lakini fikiria jinsi mambo yalivyo sasa. Lawama yote umeibeba wewe, kwa hiari yako, ili yeye abaki salama. Ni upendo, sikatai. Ila ni upendo unaokufanya umeze dawa, utolewe damu, uone vimulimuli, kwa tatizo ambalo huenda si moja. Yeye akilijua hilo, je, ndivyo angetaka? Pengine ukimwambia, "Nataka tujue, ili nisimeze dawa zaidi kuliko ninavyohitaji," atasikia kitu tofauti na "daktari anataka upime". La kwanza linahusu mwili wako, ambao kwa maelezo yako anaujali. Unaweza pia kumwachia njia nyepesi. Kuna maabara zinazokubali sampuli itolewe nyumbani na kufikishwa ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Wataulizia siku alizojizuia, kwa kawaida kati ya mbili na saba. Na majibu yakiwa si mazuri, kipimo hurudiwa kabla ya mtu kusema lolote.

Hatari ipo hapa pia. Anaweza kukasirika kwa mara ya kwanza. Anaweza kupima na majibu yakawa mazito, na wewe uliyezoea kuwa mgonjwa ukajikuta unamfariji. Anaweza kukataa kabisa, na hapo utalazimika kuamua kama uendelee na dawa zenye nguvu zaidi huku nusu ya picha ikiwa imefunikwa. Uamuzi huo siwezi kukufanyia. Ninachoweza ni kukuambia kwamba ukimweleza daktari hali ilivyo, naye ataizingatia hiyo nusu iliyofunikwa kabla ya kukuandikia sindano.

Na sasa kuchoka kwako. Umeandika kwamba mwanamke anayetaka mtoto kwa dhati hachoki. Nani alikuambia? Wanaochoka ni hao hao wanaotaka kwa dhati, maana asiyetaka hana cha kumchosha. Homoni unazomeza zinakugusa hadi machozi, na kila mwezi unazika tumaini dogo bila mtu kuja kukupa pole. Ungekuwa hujachoka ningekushangaa.

Je, kupumzika kunagharimu nini? Ukiwa na miaka 32, miezi michache haibadilishi mengi kwenye mayai. Baada ya miaka 35 ningekuambia uhesabu muda kwa ukali zaidi, na ikiwa mbegu zitaonekana na tatizo hesabu itabadilika pia. Kuna jambo moja tu la kuangalia: ukiacha dawa, hedhi yako inaweza kurudia kusuasua, na kwa mwenye PCOS ukuta wa mji wa mimba ukikaa muda mrefu bila kutoka unazidi kuwa mnene, jambo ambalo likiachwa kwa miaka si zuri. Kwa hiyo mapumziko ya kutafuta mimba yasiwe mapumziko ya kumsahau daktari. Zikipita kama siku 90 bila hedhi, mwambie, ana dawa ya kuileta. Endelea na vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kwa sababu yai linaweza kupevuka lenyewe hata mtu akiwa amepumzika. Wengine huutumia muda kama huo kupunguza uzito kidogo, na kwa wenye uzito mkubwa hata asilimia tano ya uzito wao wakati mwingine inatosha kurudisha mayai kwenye mstari. Hujaniambia habari za uzito wako, nami sitakubebesha mzigo mwingine. Nalitaja tu ili ujue lipo.

Upande wa pili, kupumzika bila kumwambia mume wako kutamfanya aone umekata tamaa, au umekubali maneno ya wifi kimyakimya na unangoja sindano. Na nyinyi wawili mmeshapoteza kitu ambacho dawa hazikirudishi, ule usiku usio na tarehe. Huenda hilo ndilo la kuanza kumwambia, kabla hata ya letrozoli na kipimo: kwamba umemkosa akiwa kitandani pembeni yako. Na nyinyi mkiwa mnangoja majibu ya macho yako, tayari mna wiki chache zisizo na vidonge mnazoweza kuzitumia kwa hilo.

Ukienda kwa daktari, na natumaini mtakwenda wawili, mwombe awaambie ni mizunguko mingapi ya kweli ambayo yai lako limepevuka. Muulize ukuta wa mji wa mimba ulikuwa na unene gani katika mizunguko hiyo, angeanza na dozi ipi ya letrozoli na angeijaribu kwa muda gani kabla ya kubadili. Na ikifika kwenye sindano, nani angekupiga ultrasaundi, na mnampigia nani simu usiku tumbo likijaa. Majibu yake yaandike. Kuhusu wifi na mama mkwe, mume wako ndiye wa kuwajibu, na unaweza kumwomba hilo waziwazi.

Niandikie tena ukishaonana na daktari wa macho, hata kama mengine yote yatakuwa bado hayajaamuliwa.

Shangazi yako